Kadi Nyeupe ya Rasha

Kila siku nikitoka shule, jambo la kwanza lilikuwa kuvua viatu. Bibi Mauza haruhusu kiatu kipite mlangoni, hata kiwe cha mgeni wa heshima. Tunaishi ghorofa ya pili, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na chini yetu kuna duka la Baba la kanzu, mashati na sare za shule. Nikishavua viatu nilinawa miguu, nikamwamkia Bibi na kumbusu mkono, kisha nikamtazama Nour. Nour ni mdogo wangu, ana miaka sita, na ana pumu. Nilimtazama kifua, si uso, kwa kuwa kifua ndicho kilichonipa habari.

"Ameshindaje, Bibi?"

"Kakohoa kidogo tu. Kama kawaida."

Kama kawaida. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya nyumbani kwetu. Umeme ulikatika, kama kawaida. Baba aliwasha jenereta lake la dizeli, kama kawaida. Jenereta lenyewe lilikaa nyuma ya duka, kwenye ujia mwembamba unaoelekea kwenye ngazi zetu, maana mbele ya duka kelele zake zingewakera wateja. Likishawaka, Bibi alifunga madirisha yote, akaweka makaa ya moto kwenye chetezo na kutia udi, ili nyumba inukie. Nour alikohoa. Mimi nilifungua daftari langu na kuanza kazi za shule.

Mama hakuwepo. Alikuwa Tanga akimuuguza mama yake, na ulikuwa unaingia mwezi wa tatu. Wiki ya kwanza nililia. Kisha niliacha kulia, na nilipoacha kulia, mambo mengine nayo yaliacha kunigusa. Mtu akinipa habari njema au mbaya, niliisikia kama redio ya chumba cha jirani. Sikusema kwa mtu yeyote, kwani hakuna aliyeniuliza.

Jumatatu moja Mwalimu Severa, anayetufundisha Sayansi darasa la sita, aliingia na bahasha kubwa ya kaki. Mwalimu Severa ni mwenyeji wa Songea, na hapigi kelele hata siku moja. Akitaka tunyamaze, hunyamaza yeye kwanza mpaka tuone haya.

"Leo kila mmoja nampa kadi nyeupe," alisema. "Mtaipaka mafuta ya mgando upande mmoja. Mtaitundika jikoni, karibu na dirisha, hadi Ijumaa. Mafuta yatashika kile mnachokivuta puani kila siku."

"Si tunavuta hewa tu, Mwalimu?" aliuliza mvulana mmoja wa nyuma.

"Mnavuta hewa na vilivyomo ndani yake. Masizi ya magari, ya majenereta, ya majiko. Hayo kadi itayashika. Lakini kuna kitu kingine haitakishika, nacho ni hewa ukaa. Haina rangi wala harufu. Popote mtu anapochoma mafuta, makaa ya mawe au kuni, inatoka. Inatoka hapa Kariakoo, inatoka kwenye viwanda vya China, Ulaya na Marekani, na kwa wingi zaidi huko kuliko kwetu. Inapanda juu na kukaa huko miaka mingi, inazuia joto lisitoke, na dunia inazidi kuwa na joto. Mvua zinabadilika. Wenzenu wa bonde la Msimbazi wanajua maji yakiingia ndani inakuwaje."

Tuligeuka kumtazama Ritha, aliyekaa dawati moja na mimi. Wazazi wa Ritha wametoka Masasi, na wanapanga chumba Msimbazi, kwenye ua mmoja na muuza mkaa. Kwao maji yamewahi kufika juu ya kitanda.

"Sasa sikilizeni," Mwalimu Severa aliendelea. "Jumatatu ijayo viongozi wa mitaa yetu watakuja kuzitazama kadi hizi. Wameahidi kwamba pale ambapo kadi imetoka nyeusi, watakwenda kuzungumza na wahusika. Kama jenereta liko kwenye ngazi au ujia, litahamishwa. Kwa hiyo huu si mchezo. Andikeni majina yenu na mitaa yenu nyuma ya kadi."

Nilimgusa Ritha kiwiko. "Yako itakuwa nyeusi hata kabla hujaipaka mafuta," nikamwambia kwa sauti ya kusikika.

Darasa zima lilicheka. Ritha naye alicheka, lakini alichelewa kidogo kuliko wengine. Niliona kwamba alichelewa, na sikujisikia vibaya wala vizuri.

Nyumbani Bibi aliipokea ile kadi kwa mikono miwili. "Itundike, mjukuu wangu. Waone kwamba kuna nyumba ambayo mtu anaweza kula sakafuni." Niliifunga kwa uzi kwenye nondo za dirisha la jikoni, lile linaloangalia chini kwenye ujia.

Wiki ile umeme ulikatika kila siku. Jumatano kadi ilikuwa ya kijivu. Ijumaa asubuhi, nilipoifungua kwenye ule uzi, ilikuwa nyeusi. Nilipitisha kidole katikati, ukabaki mstari mweupe juu ya kadi na doa jeusi la mafuta kwenye kidole changu.

Hapo nilisikia aibu. Ndiyo hisia pekee iliyonifikia wiki ile. Niliona akilini kadi yangu imebandikwa ukutani chini ya jina langu, na darasa zima linacheka, na Ritha anacheka wa kwanza safari hii. Nikamwona Bibi akisikia kwamba nyumba yake imetoka nyeusi kuliko ua wa muuza mkaa.

Sare zangu hutoka dukani kwa Baba, na kila shati jipya huja na karatasi ngumu nyeupe mgongoni, ya kulifanya likae vizuri kwenye mfuko. Nilitoa moja, nikaikata kwa mkasi hadi ikalingana na kadi ya Mwalimu. Niliipaka mafuta ya mgando, nikaipulizia vumbi kidogo la juu ya kabati ili isitiliwe shaka, nikaandika jina langu na mtaa. Kadi ya kweli niliiweka kwenye mfuko wa plastiki, nikaificha chini ya nguo zangu. Kazi yote ilichukua dakika kumi.

Shuleni kadi zilibandikwa ukutani, moja moja. Ya Ritha ilikuwa ya kijivu yenye vidoadoa vyeusi. Nyingine tatu au nne zilikuwa nyeusi kabisa, na wenyewe walitaniwa mpaka Mwalimu Severa akanyamaza. Yangu ilikuwa nyeupe kuliko zote.

"Rasha, uliitundika wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Jikoni, Mwalimu. Dirishani."

"Na jenereta mnalo?"

"Lipo chini. Ila Bibi huwa anafunga madirisha."

Alinitazama, akaitazama kadi, akaandika kitu kwenye daftari lake. Jumatatu viongozi walikuja, wakaorodhesha majengo saba. Ua wa akina Ritha uliandikwa, na muuza mkaa aliambiwa afunike magunia yake na asichekeche mkaa karibu na milango ya watu. Jengo letu halikuandikwa. Nilikaa dawatini na kutazama ile orodha ikikunjwa na kutiwa mfukoni.

Alhamisi ya wiki hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi. Niliporudi shule jenereta lilikuwa linanguruma bado, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Kwetu Alhamisi alasiri nyumba hufukizwa zaidi ya siku nyingine, kuikaribisha Ijumaa. Bibi alikuwa amepitisha chetezo kila chumba. Mwisho akamwita Nour, akamvisha kanzu yake safi, akamsimamisha juu ya chetezo ili moshi wa udi upande ndani ya kanzu na nguo zinukie. Ndivyo alivyofukizwa Baba alipokuwa mdogo, na ndivyo nilivyofukizwa mimi.

Nour alianza kukohoa na hakuacha. Alikaa chini, akashika ukingo wa kochi kwa mikono miwili. Kifua chake kilikuwa kinaingia ndani chini ya mbavu, na pumzi ilitoka na mlio mwembamba. Nilikimbilia ile dawa yake ya kuvuta mdomoni, nikampa mara mbili, mara tatu. Midomo yake ilibadilika rangi.

"Mwite baba yako!" Bibi alipiga kelele. "Mwite, mwite!"

Baba alipanda ngazi akiwa na futi ya kupimia nguo shingoni. Alimbeba Nour begani, tukaingia kwenye bajaji, tukaenda hospitali. Njia nzima Baba alikuwa anasema, "Vuta pumzi, baba. Vuta taratibu." Nilishika kiatu kimoja cha Nour nilichokiokota mlangoni, na sikukiachia.

Daktari Candida alimvalisha Nour kinyago cha plastiki kilichotoa mvuke wa dawa. Baada ya muda mrefu ule mlio ulipungua. Ndipo daktari akamgeukia Baba.

"Nyumbani mnapikia nini?"

"Gesi, daktari."

"Kuna anayevuta sigara?"

"Hakuna kabisa."

"Moshi wowote? Jenereta, labda?"

"Jenereta ninalo, lakini lipo chini, nyuma ya duka. Moshi haufiki juu." Baba alinyoosha mkono kunielekea mimi. "Tena shuleni kwa binti yangu wamepima nyumba zote kwa kadi. Ya kwetu ilitoka nyeupe kuliko zote darasani. Muulize mwenyewe. Si ndiyo, Rasha?"

Wote wawili walinitazama. Nour naye alinitazama, macho yake makubwa juu ya kile kinyago.

"Ndiyo, Baba," nikasema.

"Basi inabidi tutafute chanzo kwingine," Daktari Candida alisema, akiandika. "Toeni mazulia. Toeni magodoro na mito ya sufi. Kama kuna paka, aondoke. Na nisikilize vizuri, baba. Leo mmemfikisha kwa shida. Akibanwa tena hivi, sijui kama kifua chake kitastahimili."

Nilikaa kwenye benchi la nje na kiatu cha Nour mkononi, nikangoja woga uje. Nilijua kwamba napaswa kuogopa. Nilingoja kama mtu anavyongoja zamu yake, na woga haukuja. Nikajiuliza kama nimekuwa mtu mbaya, na hata jibu la swali hilo halikuniuma.

Kesho yake vitu vilianza kutolewa nyumbani. Zulia kubwa la sebuleni, ambalo Mama aliolewa nalo, Baba alilikunja na kulitoa kwa jirani anayeoza binti. Bibi aliachana na godoro lake la sufi alilolilalia miaka thelathini, akalala juu ya mkeka na kuamka ameshika kiuno. Paka wetu, Sukari, alitiwa kwenye boksi lenye matundu na kupelekwa kwa shangazi, Mchikichini. Nour alimlilia paka wake mpaka akaanza kukohoa tena. Umeme ulikatika, jenereta likawaka, Bibi akafunga madirisha.

Jumamosi Ritha alikuja kumjulia Nour hali. Nilimsikia akikohoa tangu ngazi za chini. Alipofika mlangoni alikuwa ameziba pua kwa mtandio, na mkono mwingine ulikuwa na mfuko wa machungwa.

"Mambo?"

"Poa. Karibu. Vua viatu."

"Rasha, mnaishije humu?" alisema kwa sauti ndogo, Bibi asisikie. "Hapo kwenye ngazi mtu unakabwa kabisa."

"Na nini?"

Alinitazama kuona kama namtania. "Na moshi. We huusikii?"

Nilivuta pumzi kwa pua. Sikusikia kitu. Kwangu ile ilikuwa harufu ya nyumbani, na harufu ya nyumbani mtu haisikii.

Ritha alimsalimia Bibi, akakaa na Nour kidogo, akammenyea chungwa. Kisha tuliingia jikoni kuosha mikono. Aliona kile kipande cha uzi bado kimefungwa kwenye nondo. Alipitisha kidole ukutani pembeni ya dirisha, akakitazama kidole chake, akanionyesha. Kilikuwa cheusi.

"Kadi yako uliitundika hapa?"

Niliushika ule uzi na kuuzungusha kidoleni.

"Sisemi kwa mtu," Ritha alisema. "Hata mimi, siku ile uliponicheka, nilitaka kwenda kuitundika yangu kanisani. Kule kusafi, wanapiga deki kila siku. Ingekuwa nyeupe pee."

"Sasa mbona hukufanya hivyo?"

Alifungua bomba, akanawa kile kidole. "Mdogo wangu halali kanisani. Analala pale pale kwenye mkaa."

Alipoondoka nilifungua kabati, nikautoa ule mfuko chini ya nguo. Nilishuka ngazi bila viatu. Baba alikuwa amesimama kaunta, ameshika kanzu nyeupe ya mteja mmoja mzee. Niliiweka kadi mbele yake, upande mweusi juu.

"Baba, hii ndiyo kadi ya jikoni kwetu. Ile ya shuleni niliitengeneza mwenyewe kwa karatasi ya shati. Niliona aibu."

Baba alipitisha dole gumba juu ya kadi. Alilitazama lile dole. Kisha, bila kujua anafanya nini, aliishika tena ile kanzu, na alama nyeusi ikabaki kwenye kitambaa, karibu na shingo.

"Kwa daktari nilikuuliza," Baba alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na ukajibu ndiyo."

"Ndiyo, Baba."

Alipita nyuma ya duka, akalizima jenereta. Taa zilizimika, feni ikazunguka polepole na kusimama. Majenereta ya majirani siku hiyo hayakuwashwa, na kwenye ujia palikuwa kimya. Baba alirudi, akakaa juu ya boksi la mashati. Hakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, na kwa namna fulani ingekuwa rahisi zaidi.

"Jenereta nililiweka mimi pale, si wewe," alisema hatimaye. "Kosa hilo ni langu, na nitalibeba. Lakini mimi sikujua, Rasha. Wewe ulikuwa na kadi hii kabatini, ukaniacha nimdanganye daktari mbele ya mwanangu anayekata roho."

Tulipanda juu pamoja, na Baba akamweleza Bibi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Alikitazama chetezo chake kilichokuwa pembeni ya mlango, kimesuguliwa kinang'aa.

"Alhamisi nilimsimamisha mimi juu ya moshi," alisema. "Kwa mkono wangu huu. Nami nikadhani nampamba."

Aliinuka kwa shida, akiwa ameshika kiuno, akaenda dirisha moja baada ya jingine na kuyafungua yote. Kelele za Kariakoo zikaingia ndani, wenye mikokoteni, wauza maji, vipaza sauti vya wenye viatu, na upepo nao ukaingia.

Jumatatu Baba alikwenda peke yake kwa Daktari Candida, na ile kadi nyeusi ndani ya bahasha. Aliporudi alikuwa na maagizo mapya: moshi utoke, madirisha yafunguliwe, na Nour awe na dawa ya kuzuia, si ya kuokoa tu. Lakini kulihamisha jenereta letu hakukutosha, kwa kuwa majirani watatu nao walikuwa na yao kwenye ujia ule ule. Wawili walikubali haraka. Wa tatu alisema moshi wa jenereta haujawahi kuua mtu, mpaka kiongozi wa mtaa alipokuja, na Baba akamwomba jirani yule asimame dakika tano tu kwenye ngazi zetu wakati yote manne yanawaka. Alisimama mbili.

Ilichukua wiki tatu. Sasa paani kuna sola zinazowasha taa na feni za maduka yote manne, na jenereta limebaki moja, nalo liko juu huko huko, huwashwa kwa zamu za dharura. Bibi ananyunyizia nyumba marashi kwa mrashi. Udi hajauacha, ila anauchoma barazani, Nour akiwa shule, na nguo anazifukiza zikiwa kwenye tenga, si mwilini mwa mtu. Sukari alirudi kutoka Mchikichini amenenepa. Zulia la Mama halikurudi, lilikuwa limeshatandikwa nyumbani kwa watu.

Kabla ya hayo yote kukamilika, nilikuwa na deni la shuleni. Ijumaa moja niliinua mkono kipindi cha Sayansi, nikaenda mbele. Niliibandua ile kadi nyeupe, nikabandika nyeusi mahali pake. Nilieleza nilivyofanya. Nilieleza na habari ya daktari, mazulia, godoro la Bibi na paka. Nilipofika kwenye paka baadhi walicheka, kisha wakanyamaza wenyewe.

"Na Ritha," nilimalizia, "nilikucheka, na kadi yangu ni nyeusi kuliko yako. Nisamehe."

"Yameisha," Ritha alisema.

Mwalimu Severa alisogea ukutani. Aliitazama ile kadi nyeusi kwa karibu, yenye mstari wa kidole katikati.

"Mimi nami nina kosa," alisema. "Siku ile nilishuku, na sikuuliza mara ya pili. Sasa niwaambie jambo. Kila nchi duniani inatakiwa ieleze imetoa hewa ukaa kiasi gani. Nchi kubwa na ndogo, zenye viwanda vingi na zisizo navyo. Hebu fikirini nchi moja iogope kuchekwa, au itake kuonekana safi, ipeleke kadi nyeupe ya kutengeneza. Wataalamu watafanya nini? Watafanya kama yule daktari. Watatoa zulia, watamfukuza paka, na mgonjwa watamrudisha chumba kile kile." Alitugeukia. "Moshi una dawa, watoto. Rasha na watu wa nyumbani kwao wameipata dawa, na wamegawana na majirani. Lakini dawa haikupatikana siku kadi ilipokuwa nyeupe. Ilipatikana siku aliposema ilivyo. Ukiona uchafu kwako, sema ilivyo. Kusema kunakupa aibu ya siku moja, na kunaweza kuokoa pumzi ya mtu."

Alinipa kadi mpya. Baada ya sola kuwekwa niliitundika pale pale, kwenye nondo za dirisha la jikoni, siku tano kamili. Haikutoka nyeupe. Ilitoka ya kijivu, kwa kuwa nje bado kuna magari na majengo mengine yenye majenereta, na hewa haina ukuta. Niliandika jina langu nyuma yake bila kufikiria mara mbili.

Siku niliyoirudisha shuleni, wakati wa kutoka nilipita kwenye ujia wa jengo la jirani, kama ninavyopita kila siku. Jenereta lilikuwa linawaka ndani. Nilipiga hatua tatu, nikasimama. Kulikuwa na kitu kichungu puani na kooni, na macho yaliniwasha. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ule ni moshi, na kwamba nilikuwa nausikia. Miaka yote nimepita pale, sikuwahi kuusikia.

Kisha ule woga niliokuwa nimeungoja kwenye benchi la hospitali ulinifikia. Ulikuja wote kwa pamoja, midomo ya Nour, kile kinyago, sauti yangu ikisema ndiyo. Nililia pale pale njiani, na mfuko wangu wa shule mgongoni. Mama mmoja anayeuza vitenge aliniuliza, "Una nini, mwanangu?"

"Moshi, mama," nikamjibu, na ilikuwa kweli, ingawa si yote.

Nilipofika nyumbani nilivua viatu, nikanawa miguu, nikambusu Bibi mkono. Nour alikuwa sakafuni anamchezesha Sukari kwa uzi. Aliinua kichwa, na siku hiyo nilimtazama usoni kwanza.